Skrini Ikizima, Usiihukumu Kompyuta

LIKIZO ya Desemba inapowadia, matatu zinazotoka Nairobi kuelekea Ukambani hujaa mizigo ya kila aina. Kuna magunia, magodoro, madebe ya mafuta ya kupikia, na siku hizi hata kompyuta zilizoviringishwa blanketi na kufungwa kwa kamba. Familia iliyofaulu kujinunulia mashine mpya mjini huipeleka ile ya zamani nyumbani Mukuyuni, kule Makueni, ili watoto waliobaki na nyanya yao waitumie kwa masomo. Ni wazo jema. Mahali hapo palipopata jina kutokana na mukuyu, mti ambao kwa Kiswahili twauita mkuyu, pana wanafunzi wenye hamu ya kompyuta sawa na wenzao wa Buruburu na Umoja.

Lakini mara nyingi furaha hiyo hukatika siku ya kwanza. Mashine inawekwa mezani, waya zinaunganishwa, kitufe kinabonyezwa. Feni inavuma, taa inawaka, lakini skrini inabaki nyeusi. Jirani mmoja anasema kadi ya picha imeungua. Mwingine anasema mashine nzima imekufa. Wa tatu anashauri diski ifutwe yote na Windows iwekwe upya.

Ndugu msomaji, usimsikilize yeyote kati ya hao watatu kabla hujafanya uchunguzi wako. Matatizo ya kadi ya picha na ya programu inayoiendesha yana utaratibu wake wa kutafutwa. Anayeufuata huanza na mambo yasiyogharimu hata shilingi moja, na mara nyingi hapati haja ya kufika kwenye yale ya bei. Anayeuruka hununua kadi asiyoihitaji au, vibaya zaidi, hupoteza kazi ya mtoto iliyokuwa imehifadhiwa salama ndani ya diski.

Kadi na dereva wake

Kila kompyuta inayoonyesha picha ina sehemu inayogeuza hesabu kuwa nukta za rangi kwenye skrini. Sehemu hiyo huja kwa namna mbili. Ya kwanza imejengewa ndani ya mashine yenyewe, ama kwenye mothabodi kama ilivyokuwa zamani, ama ndani ya chipu kuu. Kompyuta nyingi za mitumba zilizotoka maofisini ng'ambo, kama vile Dell OptiPlex na zile za HP, zina picha ya namna hii kutoka kampuni ya Intel. Ya pili ni kadi ya kuongezwa, ubao mdogo unaochomekwa katika mothabodi na ambao mara nyingi una feni yake. Nyingi kati ya hizi hutumia chipu za Nvidia au AMD.

Kadi peke yake haitoshi. Inahitaji draiva, yaani programu inayoifundisha Windows namna ya kuzungumza na kadi hiyo. Jina lenyewe linaeleza kazi yake. Gari halitoki kituoni bila dereva hata kama injini ni mpya, na dereva wa matatu hawezi kupewa trekta akalima siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo, draiva ya kadi moja haifai kwa kadi ya aina nyingine, wala draiva iliyoandikiwa Windows ya zamani haifai daima kwa Windows mpya.

Basi skrini ikisumbua, kuna washukiwa wanne: monita na kebo yake, kadi, umeme unaoilisha kadi, na draiva. Kazi yetu ni kumtoa mmoja baada ya mwingine.

Giza linaanza lini?

Kabla hujashika bisibisi, jiulize swali moja: giza linaanza lini? Jibu lake litakuokolea nusu ya kazi.

Ikiwa skrini ni nyeusi tangu kitufe kinapobonyezwa, bila hata nembo ya mtengenezaji kuonekana, basi draiva haina hatia. Wakati huo Windows yenyewe haijaamka, na draiva bado haijaitwa. Chunguza monita, kebo, kadi, RAM na umeme.

Ikiwa nembo ya Dell au HP inaonekana vizuri, kisha vile vidoto vya Windows vinazunguka, halafu giza linaingia, kadi ni hai na kebo ni nzima. Hapo mshukiwa mkuu ni draiva. Huenda pia Windows inakumbuka monita kubwa ya Nairobi na inatuma picha ambayo monita ndogo ya Mukuyuni haiwezi kuionyesha. Monita nyingi huandika ujumbe wa kulalamika hali hiyo inapotokea.

Ikiwa picha ipo lakini herufi ni kubwa kupita kiasi, video zinakatika na dirisha likisukumwa linaacha mkia, basi Windows inaishi bila draiva halisi na inatumia ile ya dharura. Lakini ukiona mistari, madoa au rangi za ajabu, tazama kama yapo hata kwenye nembo ya mtengenezaji. Yakiwepo pale, lawama ni ya kebo, monita au kadi. Yakija baada ya dakika ishirini za kazi, shuku joto.

Anza na yaliyo nje

Tazama taa ya monita. Isipowaka kabisa, tatizo ni stima yake au swichi yake. Ikiwaka na kuandika kwamba haipati mawimbi, monita ni nzima na inasubiri picha. Jaribu kebo nyingine, na ikiwezekana jaribu monita nyingine, hata ya kuazima shuleni au kwa jirani. Televisheni yenye tundu la HDMI inaweza kutumika kwa jaribio hili.

Sasa zunguka nyuma ya kasha ambalo wengi hupenda kuliita sipiyu. Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Kompyuta yenye kadi ya kuongezwa huwa na matundu ya picha mahali pawili: yale ya mothabodi, karibu na matundu ya USB, na yale ya kadi, chini zaidi, yakiwa yamelala kwa mkao tofauti. Mashine nyingi huyazima yale ya mothabodi mara zinapotambua kwamba kuna kadi. Ukichomeka kebo kwenye tundu lililozimwa utapata giza tupu, na kila kitu ndani ni kizima. Hamisha kebo kwenye kadi uone.

Angalia pia sura ya kebo. Lile tundu la buluu lenye pini 15 ni VGA, lililoanza na kompyuta za IBM mwaka wa 1987. Monita nyingi za zamani zinalitegemea hilo tu. Pini moja iliyopinda safarini inatosha kuifanya picha yote iwe ya manjano au ya waridi. Inyooshe polepole kwa ncha ya kalamu. Kadi mpya hazina VGA tena, bali HDMI na DisplayPort. Kuunganisha kadi ya namna hiyo na monita ya VGA hutaka kigeuzi chenye chipu ndani yake. Waya mtupu wenye vichwa viwili tofauti hauwezi kazi hiyo, kwa kuwa VGA hupokea mawimbi ya aina nyingine.

Kufungua kasha

Mashine iliyosafiri kwenye keria ya matatu na kumalizia njia juu ya bodaboda imetikiswa mno. Kadi na vipande vya RAM hushikiliwa na meno ya sloti, na mtikisiko unaweza kuvichomoa kidogo tu, kiasi cha macho kutoona.

Zima mashine, chomoa waya wa stima ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani. Wakati wa kiangazi hewa ikiwa kavu, mwili hubeba chaji ya umeme ambayo huihisi, lakini inaweza kuiua chipu. Na jambo moja usilisahau: kasha la kompyuta waweza kulifungua, lakini usifungue kamwe pawa saplai wala monita kuukuu zile za kioo kizito. Humo hubaki umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa.

Toa skrubu ya kadi, bonyeza kile kilimi kidogo mwishoni mwa sloti, kisha ivute kadi juu bila kuipinda. Utaona safu ya meno ya rangi ya dhahabu. Yakiwa yamefifia, yasugue taratibu kwa raba safi ya mwanafunzi na uyapanguse kwa kitambaa kikavu. Irudishe hadi kilimi kilie. Fanya hivyo hivyo kwa RAM, kwa sababu RAM iliyolegea huleta giza linalofanana kabisa na la kadi iliyokufa. Wengi wamenunua kadi kumbe ni RAM.

Ikiwa kadi ina tundu la umeme juu yake, hakikisha waya wake umeingia. Sloti ya kadi hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi hupewa waya wa pini 6, unaoongeza wati 75, au wa pini 8, unaoongeza 150. Kompyuta ndogo za maofisini nyingi zina pawa saplai dhaifu isiyo na waya hizo. Ukilazimisha kadi kubwa humo, mashine itazima pale mtoto anapofungua mchezo, nawe utailaumu kadi bure.

Jaribio lililo bora kuliko yote halina gharama. Iondoe kadi kabisa, chomeka kebo kwenye tundu la mothabodi kama lipo, kisha washa. Picha ikija, umempata mkosaji: ni kadi au umeme wake. Isipokuja, rudi kwenye RAM. Sikiliza pia milio. Mashine nyingi hulia au kumetameta taa kueleza kinachokosekana, na kila mtengenezaji ana lugha yake. Katika kompyuta za zamani zenye BIOS ya Award, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ulimaanisha kwamba kadi ya picha haionekani.

Usisahau vumbi. Baada ya miezi kadhaa ya kiangazi, feni ya kadi huvaa blanketi jekundu. Kadi ikishindwa kupoa, hupunguza kasi, kisha huleta madoa, kisha huzima. Brashi safi ya rangi na blowa vinatosha. Ishike feni kwa kidole isizunguke unapopuliza.

Draiva inapokuwa ndiyo mgonjwa

Tuseme nembo inaonekana, kisha giza. Kwanza bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Katika Windows 10 na 11 vitufe hivyo huianzisha upya draiva ya picha bila kufunga kazi yako. Utasikia mlio mfupi na skrini itapepesa. Windows yenyewe ina mazoea kama hayo. Tangu Windows Vista ya mwaka wa 2007, kadi isipojibu kwa takriban sekunde 2, mfumo huishtua draiva na kuianzisha tena. Ukiona skrini inapotea na kurudi mara kwa mara, ndilo jambo linalotokea.

Hilo lisipofaa, ingia katika Safe Mode, hali ambayo Windows huamka na draiva za lazima tu. Katika Windows 7 na zilizotangulia, ulibonyeza F8 mapema wakati wa kuwaka. Katika Windows 10 na 11, zima mashine kwa nguvu mara mbili au tatu inapokuwa katikati ya kuamka, nayo itakuletea ukurasa wa matengenezo. Chagua "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", kisha "Restart", halafu namba 4. Picha ikija katika Safe Mode, yaelekea sana kwamba kadi ni nzima na draiva ndiyo mgonjwa.

Fungua Device Manager kwa kubonyeza kulia juu ya kitufe cha Windows. Tafuta sehemu ya "Display adapters". Ukikuta alama ya manjano, au jina "Microsoft Basic Display Adapter", hiyo ndiyo draiva ya dharura tuliyoitaja. Kama tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha, fungua sifa za kadi na utafute kitufe cha "Roll Back Driver", kinachorudisha draiva iliyotangulia. Kama hakibonyezeki, iondoe draiva hiyo kabisa, washa upya, kisha uweke iliyo sahihi.

Iliyo sahihi ni ipi? Katika sifa hizo hizo kuna ukurasa wa "Details" wenye orodha ya "Hardware Ids". Humo utaona maandishi yanayoanza na VEN. Yakisema VEN_8086 chipu ni ya Intel. VEN_10DE ni ya Nvidia. VEN_1002 ni ya AMD. Namba inayofuata DEV hutaja chipu yenyewe. Ziandike kwenye karatasi. Kwa namba hizo, mtu aliye Nairobi anaweza kukutafutia draiva halisi bila kuiona mashine yako, na hutahitaji kubahatisha.

Ichukue draiva kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa chipu, au uiachie Windows Update iitafute. Jiepushe na programu za bure zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Baadhi huweka draiva isiyofaa, na nyingine huja na matangazo na virusi. Na kumbuka ukubwa wake. Furushi moja la draiva mpya za Nvidia hupita megabaiti 500. Kwa bando la simu, hiyo ni pesa ya unga. Lipakue mjini kabla ya safari na uliweke kwenye flashi, ukihakikisha kwanza kama Windows yako ni ya biti 32 au 64.

Kadi nayo huzeeka

Kuna wakati draiva sahihi haipo, na hapo kosa si lako. Watengenezaji huacha kuziandikia kadi za zamani draiva mpya. Intel haikutoa draiva rasmi ya Windows 10 kwa picha iliyo ndani ya chipu za Core za kizazi cha pili, zilizotoka mwaka wa 2011. Nvidia nayo ilisimamisha draiva mpya za michezo kwa kadi za mezani za ukoo wa Kepler mwezi Oktoba 2021. Mashine kama hizo bado huandika barua, huonyesha video na kufundisha hesabu. Draiva ya mwisho iliyotolewa kwa ajili yake ndiyo ya kuhifadhi kwenye flashi kama hati ya shamba.

Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mitumba hazikubaliwi na Windows 11. Familia yenye mashine ya namna hiyo inaweza kufikiria mfumo wa bure wa Linux, ambao huja na draiva za kadi nyingi za zamani ndani yake. Lakini kwanza muulize mwalimu kama programu zinazotumiwa shuleni zitafanya kazi humo.

Ukilazimika kununua

Ikiwa majaribio yote yamethibitisha kwamba kadi imekufa na mashine haina picha ya ndani, basi nunua. Wengi huenda barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ambako maduka ya vifaa vya umeme yamebanana. Nenda na vipimo. Kasha jembamba hutaka kadi fupi yenye kibao kifupi cha kufungia. Pawa saplai isiyo na waya za ziada hutaka kadi isiyozidi wati 75. Na monita yako ndiyo inayoamua matundu.

Jihadhari na majina. GeForce GT 730 iliuzwa kwa jina hilo moja ikiwa na chipu za koo mbili tofauti, Fermi ya zamani na Kepler iliyoifuata, na draiva zao hazilingani. Zipo pia kadi za udanganyifu. Kadi dhaifu ya GTS 450 ya mwaka wa 2010 huandikwa upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti ya mwaka wa 2016. Ukiweka draiva halisi, mashine inagoma, na mwenye kadi anadhani Windows ndiyo mbovu. Programu ya bure ya GPU-Z imekuwa ikizifichua kadi hizo tangu 2018 kwa kuziandikia neno linalosema ni bandia. Dalili nyingine ni tundu la VGA. Chipu za ukoo wa GTX 1050 Ti hazikuundwa kutoa mawimbi ya VGA, kwa hiyo ukiliona tundu la buluu juu ya kadi yenye jina hilo, sita kutoa pesa. Omba ijaribiwe mbele yako, na udai risiti inayotaja aina yake.

Stima ya kijijini

Kadi iliyorekebishwa leo inaweza kuungua kesho kama umeme hauchungwi. Stima ya Kenya ni ya volti 240, lakini mwisho wa laini ndefu inaweza kushuka na kupanda. Hatari kubwa huja stima inaporudi baada ya kupotea, maana hurudi kwa kishindo. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi, lakini hata kupotea kwa dakika tano kunaweza kuiumiza mashine. Stima ikipotea, chomoa waya ukutani na usubiri itulie kabla ya kuurudisha. Kifaa cha kukinga umeme kama kile kinachowekewa televisheni ni cha bei nafuu kuliko kadi. UPS ni bora zaidi, kwani humpa mwanafunzi dakika chache za kuhifadhi kazi yake.

Faili ziko salama

Sasa tufike kwenye jambo lililo na uzito kuliko yote. Mwanafunzi anayefanya somo la Kompyuta katika KCSE hupimwa kwa nadharia, vitendo na mradi. Mradi huo huchukua miezi. Skrini ikizima, mtoto hulia akidhani mradi umepotea, na mzazi kwa haraka ya kumfariji hukubali lolote atakaloambiwa.

Elewa hivi: picha iko upande mmoja na faili ziko upande mwingine. Kadi ya picha haihifadhi kazi yako. Kazi iko kwenye diski, na diski haijui kwamba skrini ni nyeusi. Kadi ikiungua kabisa, diski inaweza kutolewa kwa skrubu chache na kuunganishwa na kompyuta nyingine, na kila kitu kikaonekana. Kwa hiyo akitokea mtu wa kukushauri diski ifutwe kwa sababu ya tatizo la picha, mwambie faili zinakiliwe kwanza. Kuweka Windows upya ni hatua ya mwisho kabisa, na hakuwezi kuifufua kadi iliyokufa wala kukaza kebo iliyolegea.

Ushauri huu unazifaa shule pia. Tangu mwaka wa 2002 shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likipeleka mashine zilizokarabatiwa katika shule za nchi hii, na mwanafunzi aliyejifunza kuchunguza mashine moja kwa utaratibu anaweza kulisaidia darasa zima. Kadi zilizokufa zisichomwe wala kutupwa shambani, kwa kuwa zina risasi na kemikali nyingine za sumu. Zirudisheni Nairobi, ambako WEEE Centre, kituo kilichozaliwa na shirika hilo hilo, hupokea taka za namna hiyo.

Basi Desemba hii, ukiwa unafunga kompyuta ya kupeleka Mukuyuni, itoe kadi kubwa na uibebe peke yake ndani ya nguo laini. Kabla ya kuondoka, nakili faili zote muhimu na uweke draiva kwenye flashi. Tia mfukoni bisibisi, raba na kebo ya ziada. Piga picha ya nyuma ya kasha kwa simu ili kila waya urudi mahali pake. Ukifika, wacha watoto waiunganishe wenyewe huku ukiwaeleza kila tundu ni la nini. Wakati ujao skrini itakapozima, wewe utakuwa kazini Nairobi, na wao ndio watakaohitaji kujua pa kuanzia.